Ukitaka kusoma miamba ya mashapo, anzia ufukweni

Wanafunzi wa jiolojia hunitumia picha za mawe kwenye WhatsApp, na karibu kila picha huja na swali lile lile: "Hili liliundwa mtoni au baharini?" Jibu langu huwaudhi. Kabla ya kuzungumza habari ya mto au bahari, niambie punje zake zina ukubwa gani, zimeviringika au bado zina pembe, tabaka limelala vipi, na juu yake na chini yake kuna nini. Jiwe moja lililowekwa juu ya meza haliwezi kujibu hayo yote, hata likiwa zuri namna gani.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni kuuacha mwamba kwa muda na kwenda palipo na mashapo, yaani mchanga, matope na makombe yaliyotuama, ambayo bado hayajawa mwamba. Sisi wa Pwani ya Kenya tuna bahati hapo. Chukua matatu kutoka Watamu hadi Malindi, safari fupi tu, na utapita katika mazingira mawili tofauti kabisa. Watamu mchanga ni mweupe, na sehemu kubwa yake ni vipande vya matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. Malindi mchanga ni wa kahawia, una vichembe vya maika, madini ya vigamba vyembamba, vinavyometa juani, kwa sababu Mto Sabaki unamwaga hapo mizigo uliyoibeba kutoka bara, kuanzia nyanda za juu karibu na Nairobi. Mvua ikinyesha huko juu, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Kaskazi ikivuma, tope husukumwa upande wa mji na matumbawe ya kusini. Kusi ikivuma, linakwenda kaskazini, upande wa Ngomeni. Matumbawe hayapendi tope, na ndiyo maana hutakuta mwamba wa matumbawe ulionawiri mdomoni mwa mto.

Chukua kiganja kimoja cha mchanga kutoka kila upande, utie matone ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Wa Watamu utachemka kwa povu. Wa Malindi mwingi utanyamaza, kwa sababu punje zake nyingi ni kwatzi, madini magumu yasiyo na chokaa. Ukishaona hivyo kwa macho yako, hutahitaji kukariri kwamba chokaa nyingi hujengwa mahali ambapo maji ni safi, ya uvuguvugu na yasiyo na tope la mto.

Halafu subiri maji yapwe wakati wa bamvu, yanapokwenda mbali zaidi, uende na koleo. Chimba shimo la kufika magotini, kisha upande mmoja uulainishe kwa panga au kwa rula ya chuma mpaka uwe ukuta ulionyooka. Hapo utaona mistari: myembamba, mingine myeusi kwa madini mazito, ikiinama kidogo sana kuelekea baharini. Ukisogea hadi penye vijito vidogo vya maji yanayorudi baharini, mistari inageuka, inalala mshazari, na kila kundi linakatwa juu na kundi jingine. Chora. Nasema chora, si kupiga picha. Mkono unaochora hulazimisha jicho kuuliza mstari huu unaishia wapi, jambo ambalo kamera haikuulizi.

Sasa rudi mjini utazame kuta. Mawe ya Mazeras, yale mabamba yanayochimbwa bara ya Kilifi na Kwale na kubandikwa kwenye kuta na njia za kuingilia nyumba nchi nzima, ni maabara ya bure. Tafuta bamba lenye viwimbi juu yake, pitisha kidole kukata migongo ya viwimbi. Ikiwa pande zote mbili zina mteremko sawa na kilele kina ncha, maji yalikuwa yanakwenda na kurudi: mawimbi katika maji ya kina kifupi. Ikiwa upande mmoja umelala na wa pili umesimama, maji yalikuwa yanapita upande mmoja, na upande uliosimama ndio ulioelekea kule maji yalikokwenda. Fundi alipolikata na kulibandika aliharibu habari ya mwelekeo, kwa hiyo usiandike kwamba mkondo ulikwenda mashariki kwa sababu bamba la getini linaonyesha hivyo. (Nimeisoma sentensi hiyo katika ripoti ya mwanafunzi, na nilicheka mpaka machozi.) Umbo limebaki, na umbo linatosha kwa swali la kwanza.

Angalia tena ninachosema: viwimbi vya mawimbi vinakuambia maji yalitikiswa. Havikuambii kama ni ziwa au bahari. Hapa ndipo wengi huteleza. Gawanya ukurasa wa daftari lako kwa mstari wa wima. Kushoto andika unachokiona tu: rangi, ukubwa wa punje, unene wa tabaka, mipaka, visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe). Kulia andika unachodhani kilitokea. Wasimamizi wengine watakuambia ni kupoteza wakati. Mimi nasema upande wa kulia utabadilika mara nyingi na wa kushoto utabaki, na miaka ikipita utashukuru kwamba hukuvichanganya.

Kwa ukubwa wa punje, beba kipimo. Mchanga ni kuanzia milimita 2 kushuka hadi 0.0625, juu ya milimita 2 ni changarawe na kokoto, chini ya 0.0625 ni matope. Na matope yenyewe yana aina mbili ambazo jicho halizitenganishi, lakini meno huzitenganisha: sugua chembe kidogo kati ya meno ya mbele. Ikikwaruza kuna vumbi la kwatzi ndani yake; ikiteleza ni udongo mfinyanzi. Wageni hudhani tunatania.

Kuna barabara moja inayofundisha kuliko muhula mzima darasani, nayo ni ile ya kutoka Mombasa kwenda Voi. Tabaka za bara zimeinama polepole kuelekea baharini, kwa hiyo unapopanda kutoka pwani unasafiri kurudi nyuma katika wakati, kutoka miamba yenye umri mdogo kwenda mikongwe. Kisiwani unakanyaga chokaa ya matumbawe, ile ambayo mahandaki ya Ngome ya Yesu yalichongwa ndani yake mwishoni mwa karne ya 16. Ukivuka kwenda bara unakuta jiwe la matope linaloachana karatasi karatasi, la zama za Jurasiki, enzi za dinosaria, ambalo limetoa visukuku vya amonaiti. Huyo ni mnyama wa baharini, kwa hiyo hapo huna haja ya kubahatisha. Upande wa Kambe, pembeni ya barabara kuu, kuna chokaa ya Jurasiki ambayo sehemu zake zina vijiduara vidogo kama mayai ya samaki. Vijiduara hivyo hujengwa chokaa inapojipaka tabaka kwa tabaka kuzunguka chembe inayobingirishwa kwenye maji ya bahari ya kina kifupi.

Kisha unafika Mazeras, na bahari imekwisha. Mwamba ni wa mchanga wenye punje kubwa, tabaka zimelala mshazari, na ndani yake kuna vipande vya miti iliyogeuka jiwe. Hiyo ni mito. Mbele yake Mariakani yenye mchanga laini unaopasuka mabamba, halafu Maji ya Chumvi yenye mawe ya matope na visukuku vya samaki, halafu Taru, mchanga mkwaruzo wenye punje kubwa za madini ya feldispa. Ikague feldispa kwa lensi: ina nyuso bapa zinazorudisha mwanga, na mara nyingi ina rangi ya waridi. Katika joto na unyevu, madini haya huoza yakawa udongo. Yakionekana mazima kwa wingi, ama safari kutoka mlimani ilikuwa fupi, ama hali ya hewa ilikuwa kavu au baridi, ama yalifukiwa haraka. Kabla ya kufika Voi mashapo yanaisha na unaingia kwenye miamba ya kale iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, ile ile inayoweza kutoa feldispa ya namna hiyo.

Ukiisoma safari hiyo kinyume, kutoka Taru kushuka pwani, unapata hadithi yote: bonde linazama, mito na maziwa vinalijaza, kisha Gondwana, lile bara kuu la kale, inapasuka, Madagaska inaanza kwenda zake, na bahari inaingia Kambe. Hakuna jiwe moja kati ya hayo linaloweza kukusimulia hilo peke yake. Ndiyo maana namkatalia mwanafunzi wa picha ya WhatsApp.

Mjerumani Johannes Walther alieleza mwaka 1894 kwamba mazingira yanayopakana ardhini ndiyo yanayolaliana katika tabaka. Ukiona mchanga wa ufukwe juu ya matope ya bahari, ufukwe ulihamia huko, haukuruka. Ni kanuni nzuri, lakini ina sharti ambalo wanafunzi hulisahau wakati wa mtihani: lazima tabaka ziwe zimefuatana bila pengo. Nenda Mombasa mahali ambapo matumbawe yamekaa juu ya lile jiwe la matope la Jurasiki. Yanagusana, unaweza kuweka kiganja kimoja juu ya yote mawili, lakini kati yake imepotea zaidi ya miaka milioni 100. Huwezi kusema kina cha bahari kilipungua taratibu mpaka matumbawe yakaota. Tafuta dalili za pengo: mpaka wenye mabonde, vipande vya mwamba wa chini vilivyonaswa ndani ya wa juu, rangi ya kutu ya ardhi iliyokaa juani.

Vifaa si vingi. Lensi inayokuza mara 10, nyundo, daftari gumu, penseli, asidi kidogo kwenye chupa ya matone iliyofungwa vizuri, dira, kofia, maji. Kama huna asidi, kwarua jiwe upate unga na udondoshee siki. Povu litakuwa hafifu, lakini utaliona ukitumia lensi.

Kuhusu nyundo, itumie kidogo. Visukuku nchini vinalindwa na sheria ya makumbusho ya mwaka 2006, na hupaswi kuvichukua kama zawadi. Upande wa Kambe kuna kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, na hapo huingii bila ruhusa ya wazee, uwe na barua ya chuo au usiwe nayo. Kwenye machimbo ya Mazeras ongea kwanza na wachimbaji. Wanajua tabaka lipi hupasuka vizuri na lipi lina alama, na mara nyingi wameshakuwekea pembeni bamba ambalo wewe ungelitafuta mpaka jioni. Na kwenye mikato ya barabara kuu, simama mbali na lami. Malori ya kontena hayapungui mwendo kwa sababu wewe umeona tabaka la mshazari.

Kila sampuli unayochukua, iandike namba kabla hujaitia mfukoni, pamoja na mshale wa kuonyesha upande wa juu.