Mvua Ikirudi na Tumbo la Mtoto Likaanza Kuuma

Ni nadra mtoto kukwambia ana wasiwasi. Atakwambia tumbo linauma. Masika ya 2024 yalipofurika Nairobi, kitinda mimba wangu, aliyekuwa PP2, darasa la mwisho la chekechea, alilalamikia tumbo kila wingu lilipotanda, na usiku akaanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Dada yake wa Gredi ya Sita hakulalamikia chochote. Yeye alikuwa mkali tu, akimgombeza mdogo wake kwa mambo ya bure, kisha usiku ananiuliza mara mbili mbili kama nimefunga mlango. Ukiona hayo wakati dunia imechafuka, usikimbilie dawa ya minyoo wala fimbo.

Tunakaa karibu na Mto Ngong, upande wa Mukuru, kwa hiyo hofu yao haikuwa ya kubuni. Maji yaliingia kwa watu tunaowajua. Serikali ikaamuru waliojenga kando ya mito wahame, na tingatinga zikafuata. Katika hali hiyo, kumwambia mtoto "usiogope, hakuna kitu" hakumsaidii, kwa sababu anakuona wewe mwenyewe umeshika simu mpaka chooni. Na maji yakija kweli, neno lako litakuwa na thamani gani kesho?

Nilichoona kinafaa ni kumjibu swali lake kama alivyouliza. "Mama, mto utaingia leo?" "Sijui kama utaingia. Ninachojua, maji yakifika kwenye ngazi ya duka tunatoka, tunapanda kwa jirani wa orofa ya tatu, na nimeshaongea naye. Wewe utabeba tochi." Kijana aliipokea ile kazi ya tochi kama cheo. Kila jioni aliijaribu kama inawaka. Dada yake alikuwa msimamizi wa begi lenye vyeti vya kuzaliwa, sare, na daftari za shule ndani ya karatasi ya nailoni. Siku moja mchana, jua likiwaka, tulipanda zile ngazi pamoja kama mazoezi, jirani akatupa chai. Baada ya hapo maswali ya usiku yalipungua. Mtoto anaweza kuishi na "sijui" ya mzazi, bora ifuatwe na jambo ambalo miguu yake inaweza kulifanya.

Habari nazo zina namna yake. Msiba wa mafuriko ya Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, alfajiri ya 29 Aprili, ulifika kwa binti yangu kupitia video za WhatsApp kabla sijamwambia neno. Zaidi ya watu 40 walikufa, na kwanza ilivuma kwamba bwawa limepasuka. Basi yeye akawa anahesabu mabwawa yote aliyosoma shuleni. Wizara ya Maji ilipoeleza kwamba ni maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuziba, nilikaa naye nikamchorea kwenye daftari: hapa tuta, hapa matope na magogo, hapa maji yanapanda. Haikuwa habari nzuri, lakini jambo lenye sababu halitishi kama lile linalokuja tu kutoka gizani. Video nilizifuta, na tukakubaliana kwamba taarifa ya redio tunasikiliza jioni mara moja, pamoja, kabla ya kula. Siyo baada ya kula, maana hapo wanakwenda nayo kitandani. Na wakubwa tupunguze sauti. Tunapiga simu kwa shangazi tukieleza nani kasombwa na nani kapotea, tukidhani mtoto aliyelala kwenye kochi amelala.

Shule nazo hazikusaidia. Zilikuwa zifunguliwe Jumatatu ile ile ya 29 Aprili. Usiku wa kuamkia siku hiyo Wizara ya Elimu ikasogeza hadi 6 Mei. Tarehe 3 Mei Rais akaahirisha bila kutaja siku. Mwishowe zikafunguliwa 13 Mei. Binti alikuwa akipanga begi na kulipangua, akiwaza KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya Sita. Tarehe ya wizara sikuwa na uwezo nayo, lakini saa ya uji nilikuwa nayo. Tuliamka saa ile ile ya shule, hesabu kidogo, kufua, mchezo, kulala. Utaratibu mdogo wa nyumbani unashika mahali pa ule mkubwa uliovunjika.

Kwa ule usiku ambao mabati yanapigwa na mtoto anatetemeka, maneno mengi hayaingii. Mkalishe, mwambie apulize kama anapoza uji wa moto: pole pole, kwa muda mrefu, kikombe kizima. Puliza naye. Sala pia inatuliza, nasi tuliomba kila usiku, ila tuliomba baada ya kuhakikisha begi liko mlangoni.

Kuna wakati haya yote hayatoshi. Mvua imekwisha, wiki zinapita, na mtoto bado halali, hali, hataki kwenda hata msalani peke yake, au anaanza kuzungumzia kufa. Hapo mpeleke kituo cha afya na useme wazi kwamba ni hofu, usiseme tumbo. Namba 116 ya Childline Kenya ni bure, saa 24. Tanzania pia wana huduma ya simu kwa mtoto kwa namba hiyo hiyo. Iandike ubandike ukutani, na mwonyeshe mtoto mkubwa jinsi ya kuipiga, kwa sababu kuna mambo ambayo angependa kumwambia mtu asiyekuwa mama yake.