Maswali yenu ya kriketi: Pakistan kule Australia

Assalam aleykum jamani. Ile ziara ya Pakistan kule Australia, Novemba 2024, bado mnaniulizia, ODI (mechi za kimataifa za siku moja) Pakistan wakachukua 2-1 halafu T20 (zile fupi) wakafungwa 3-0. Haya najibu.

Msomaji wa Malindi: Si wachezaji walewale? Ilikuwaje wakashinda huku wakafungwa kule?

Wengi wao ndo walewale, ila mchezo si uleule bwana. ODI kila timu ina ova 50, T20 ova 20 tu, na ova moja ni mipira sita ya kurushiwa. Angalia ODI ya Adelaide, Haris Rauf, mrushaji wa Pakistan, kachukua wiketi 5 (yaani katoa wapigaji watano) kwa rani 29 (rani ndo alama za kriketi), Australia wote nje kwa 163, sasa ukiwekewa rani chache vile na una ova 50 mbele yako unapiga kwa raha zako, Saim Ayub akapiga 82 na wakamaliza wamepoteza wiketi moja tu. Perth vilevile, Australia 140, Pakistan wakazifata kwa kupoteza wiketi 2. T20 hakuna kutulia. Sydney Rauf huyohuyo kachukua wiketi 4, Australia wakaishia 147, yaani warushaji kazi yao washaifanya, wapigaji wakakwama 134! Hobart ndo usiseme, wote nje kwa 117 na Australia wakazipita hata ova 12 hazijesha. Kwa hiyo wanaowalaumu warushaji mimi siwaelewi kabisa, tatizo lilikuwa kwenye gongo, yaani kwa wapigaji.

Msomaji wa Wete: Lakini Australia si walipumzisha watu wao?

Perth kweli, nyota wao Cummins, Starc, Hazlewood na Smith waliwekwa pembeni wajitayarishe na Testi, zile mechi za siku tano, dhidi ya India. Lakini Adelaide walikuwepo wote na wakapigwa. Na Melbourne, mechi ya kwanza, Pakistan walikuwa na 203 tu za kuzilinda na bado wakawatoa Australia wanane, ni Cummins ndo alosimama mpaka mwisho na 32 zake akawaokoa. Kabla ya hapo, mara ya mwisho Pakistan kuchukua ushindi wa jumla wa ODI kule ilikuwa 2002, nahodha Waqar Younis. Miaka 22! Tuwape haki yao.

Msomaji wa Kikwajuni: T20 ya Brisbane mbona walicheza ova 7?

Mvua. T20 matokeo yanahesabika kila timu ikipata angalau ova 5, wakapunguza mpaka 7 kabla hawajaanza, Maxwell wa Australia akapiga 43 kwa mipira 19 na mechi kwisha hapohapo. Mvua ikikatiza katikati ndo huja hesabu za Duckworth na Lewis (siku hizi Duckworth-Lewis-Stern) za kupanga upya rani zinazotakiwa, zilizoanza kutumika 1997 Harare, mechi ya Zimbabwe na Uingereza. Kabla ya hapo ilikuwa dhulma tupu, nusu fainali ya Kombe la Dunia 1992 Afrika Kusini walitaka rani 22 kwa mipira 13, mvua ikanyesha, waliporudi wakatakiwa rani 21 kwa mpira mmoja, jamani!

Msomaji wa Chake: Mechi za kule tunaziona saa ngapi?

Novemba Melbourne na Sydney wako mbele yetu kwa masaa 8, Perth kwa masaa 5. Mechi yao ya mchana kwetu ni asubuhi na chai.

Msomaji wa Jang'ombe: Na sisi Tanzania je?

Hili ndo swali nalolipenda. Tangu Januari 2019 ICC, baraza la kriketi la dunia, inazitambua rasmi T20 za kimataifa za wanachama wake wote, na sisi tumo. Novemba 2023 tulikwenda Namibia kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la T20 la 2024, hatukupata, Uganda wakapata, wakaenda mpaka Guyana wakawafunga Papua New Guinea. Uganda hawa hawa majirani zetu! Na 1975 timu ya Afrika Mashariki, ikiwa na wachezaji wa kutoka Tanzania, ilicheza Kombe la Dunia la kwanza kule Uingereza, ikapoteza mechi zote tatu, lakini ilikwenda. Hapa Unguja kriketi ilikuwa ikichezwa Mnazi Mmoja toka enzi za ukoloni, kwa hiyo si mchezo mgeni kwetu. Skuli ikiwa na uwanja wa mpira inaweza kuanza na mpira wa tenisi na gongo la kuchonga kwa fundi seremala, ova 5 kwa 5 baada ya masomo, na mwalimu anotaka kuanza aniandikie nimpe sheria zake kwa Kiswahili.