Tundu, mwanzi ao bawa: wanakata nini kwenye pua?

Dada mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia. Mdogo wake anaishi Ubelgiji, anataka munganga amupunguzie upana wa pua, sasa huyu dada akamuelezea mama yao ya kwamba "watamukata matundu ya pua", mama akaanza kulia. Anauliza angesema namna gani, na «narine» na «aile du nez» ni nini kwa Kiswahili.

Dada, mama alisikia vizuri, neno njo lilimuogopesha. Tundu ni uwazi, haina nyama, unaweza kuitoboa, kuipanua ao kuifinya lakini kuikata hapana, kwa hiyo ukisema wanakata matundu mtu anaona pua nzima inaondoka. «Narine» ni tundu la pua, ao mwanzi wa pua, wingi wake matundu, mianzi. Nyumbani tunasema "tundu ya pua" na ukiongea na mama haiko shida, ila ukiandika weka "la".

Sasa kamata pua kwa vidole viwili kama vile unapenga kamasi. Hiyo nyama ya pembeni umeshika, ile inatanuka mtu akikasirika, njo bawa la pua, ni hiyo «aile», na kisu cha munganga mara nyingi kinapita hapo.

Robert Weir, munganga wa New York, aliandika juu ya hiyo kazi 1892: unatoa kipande cha bawa pale linakutana na shavu, kipande cha umbo la kabari, kabari ile ile fundi anapigilia akipasua gogo, halafu unashona na kovu linajificha ndani ya mkunjo. Hapo sema kupunguza bawa. Kuna wengine bawa lao liko sawa ila tundu lenyewe ni pana, hao wanatolewa ngozi kidogo chini kwenye mlango wa tundu, mimi napaita kizingiti sababu hewa inapita juu yake ikiingia, na hapo njo kufinya tundu kunafaa. Wengine wanapitishiwa uzi chini ya ngozi toka bawa moja mpaka lingine, unavutwa: huko ni kukaza, na uzi unaweza kulegea. Lakini nyama ikishatolewa kuirudisha ni kazi ngumu sana, njo maana wanahesabu kwa milimita.

Kitu kimoja tena, na hiki kinaniuma. Watu wanaandika "kurekebisha pua". Tunarekebisha kosa, na pua pana ya mtoto wetu si kosa, hata kile kipimo kinasema upana wa pua ulingane na nafasi kati ya macho mawili kilitoka kwa nyuso za Wazungu. Andika kubadilisha umbo la pua.

Kwa mama mwambie hivi: "Mama, watamupunguza mabawa ya pua kidogo tu, kwa dawa ya ganzi, matundu yatabaki na atapumua."