Muulize Fundi: Diski moja ya seva imekufa, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga picha na video wa harusi na sherehe za kutoka unyagoni hapa Lindi mjini. Kazi zangu zote naziweka kwenye seva ndogo nyumbani, kasha lenye nafasi nne, kila nafasi ina diski ya terabaiti 4. Aliyenifungia alisema ni RAID 5. Tangu juzi taa ya nafasi ya tatu imekuwa ya rangi ya chungwa na kasha linapiga kelele. Mafaili bado yanafunguka. Kijana wa duka la simu ameniambia nichomoe diski hiyo, niifomati kwenye laptopu, niirudishe. Mwingine anasema nizime niwashe tu. Mjomba yupo Dar, anaweza kuninunulia diski Kariakoo. Nifanye nini? Kuna kazi za watu humo ambazo sijazikabidhi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kazi za watu bado unazo, na ukienda taratibu utabaki nazo. Leo usichomoe chochote, na hao wawili usiwasikilize. Kuifomati diski inayokufa hakuiponyi. Kuzima na kuwasha ni hatari kwa sababu diski iliyochoka mara nyingi hugoma pale inapoamshwa, na hujui kama kati ya zile tatu zilizobaki hakuna nyingine iliyochoka.

RAID 5 hutawanya data kwenye diski zote nne pamoja na hesabu ya ziada. Ikifa moja, seva hukokotoa kilichokuwemo kwa kusoma zile tatu. Ndiyo maana mafaili yako yanafunguka. Lakini hesabu hiyo hufidia diski moja tu. Ikianguka ya pili kabla hujamaliza, unapoteza zote kwa mpigo, terabaiti 12 za nafasi uliyokuwa nayo. Na kazi nzito kuliko zote kwa hizo tatu ni kumjenga upya mwenzao kwenye diski mpya, maana zitasomwa mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Kama zote nne zilinunuliwa siku moja, umri wao ni mmoja na joto lililozipiga ni lile lile.

Kwa hiyo kabla ya diski mpya ya ndani, tafuta diski ya nje ya USB, hata ya kuazima, unakili. Anza na kazi ambazo hujazikabidhi, kisha picha za watu ambao wameshafariki, maana hizo hakuna atakayezipiga tena. Harusi ambayo mwenyewe alishachukua flashi yake itasubiri. Ukipitia mtandao wa waya wa nyumbani, terabaiti moja huchukua kama saa tatu. Usiingize kazi mpya kwenye seva mpaka yote yaishe.

Wakati inanakili, fungua ukurasa wa seva uangalie afya ya diski, sehemu inayoitwa SMART. Tazama mistari namba 5, 197 na 198, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazogoma kusomeka. Ikiwa ina tarakimu zinazopanda, diski inakufa kweli. Lakini kama hiyo mitatu ni sifuri na namba 199 ndiyo inayopanda, tatizo liko kwenye mawasiliano kati ya diski na kasha. Sisi wa pwani hili tulichukulie kwa uzito. Nimefungua makasha ya Mikindani na ya Lindi yaliyokaa karibu na dirisha linalotazama bahari, pini zimefanya ukungu wa kijani na diski yenyewe haina neno. Hapo, ukishamaliza kunakili, zima seva, safisha pini kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, acha zikauke, rudisha. Seva inaweza kuidai diski ile ile ijengwe upya kama mgeni, ndiyo maana nimetanguliza kunakili.

Tuseme imekufa kweli. Mwambie mjomba anunue ya terabaiti 4 au zaidi, kamwe isipungue. Ikizidi, sehemu ya ziada itakaa bure kwa sasa. Kisha kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Baadhi ya diski huandika njia za data zikilaliana kama makuti ya paa: ukitaka kubadilisha kuti la chini, lazima uinue yaliyolikalia. Aina hiyo huitwa SMR. Kwa kuhifadhi filamu inafaa, kwa kujenga upya RAID ni mateso, inaweza kuchukua siku nyingi au seva ikaitema njiani. Unayoitaka ni CMR, ambayo njia zake hazilaliani. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya diski zao za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya seva za namna hii, zilikuwa SMR. Kwa terabaiti 4, yenye namba WD40EFAX ni SMR, iacheni. WD Red Plus ni CMR, na Seagate IronWolf pia ni CMR. Mjomba asome namba kwenye stika ya diski yenyewe, asitosheke na maandishi ya boksi.

Asome pia mstari namba 9 wa SMART, saa ambazo diski imewashwa. Mwaka mmoja una saa 8,760, hivyo diski "mpya" yenye saa 40,000 imeshafanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu, huenda ndani ya kinasa cha kamera za ulinzi. Muuzaji mwaminifu hakatai kuichomeka mbele yako. Saa hizo zinaweza kufutwa: mwanzoni mwa 2025 ilibainika Ulaya kwamba diski za Seagate zilizotumika ziliuzwa kama mpya zikiwa zimerudishwa sifuri. Basi aingize namba ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye stika katika tovuti ya mtengenezaji aone kama dhamana bado ipo. Na asiitume kwenye buti la basi kati ya maboksi. Ni zaidi ya kilomita 400 za mtikisiko, apewe abiria mnayemjua aipakate.

Siku ya kubadilisha, andika kwenye karatasi namba ya utambulisho ya diski mbovu kama seva inavyoionyesha. Usiamini nafasi peke yake, kuna makasha yanayohesabu kuanzia sifuri, na "diski 3" ikawa ya nne. Kuchomoa nzima badala ya mbovu ndiyo ajali kubwa kuliko zote katika kazi hii. Kama kitabu cha kasha lako kinaruhusu kubadilisha likiwa linawaka, liache liwake. Kisiporuhusu, zima. Vuta trei kidogo, kama sentimita mbili, subiri nusu dakika sahani za ndani ziache kuzunguka, ndipo uitoe yote. Mulika stika kwa tochi ya simu, linganisha tarakimu zote na karatasi. Zikilingana, funga mpya kwa skrubu zile zile, sukuma trei mpaka isikike imeshika, kisha iamuru seva ijenge.

Diski ya terabaiti 4 huchukua saa saba au nane mambo yakiwa mazuri, na siku nzima si ajabu. Weka UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Umeme wetu wa huku mnaujua, usianze kazi hii bila UPS hata kama siku hiyo haujakatika.

Sasa naomba unisikilize vizuri. RAID si bekapu, yaani si nakala ya akiba. Ukifuta faili, inafutika kote. Radi, mwizi au moto havihesabu diski. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara yetu ya kwenda Dar, na siku chache baadaye, Mei 12, nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikaparaganyika nchi nzima. Aliyekuwa na nakala zake mtandaoni tu alihangaika kuzifikia. Kwa hiyo weka diski ya nje kwa ndugu wa Nachingwea au Masasi, mbali na chumvi ya bahari, uibadilishe kila unapopita.

Ile iliyokufa usimpe muuza chuma chakavu. Ina vipande vya sura za mabinti waliokuamini. Itoboe kwa drili mpaka sahani za ndani zitoboke.

SWALI: Fundi, diski yangu ya mfukoni inalia tik tik na haisomeki. Nimeambiwa niifunge kwenye nailoni niiweke kwenye friza usiku mmoja. Je, ni kweli? (Mwalimu, Mtwara)

JIBU: Hapana mwalimu. Ukiitoa kwenye baridi hiyo na kuiingiza kwenye hewa yetu yenye unyevu, majimaji yatatanda hadi ndani. Mlio huo kwa kawaida ni kichwa cha kusomea kinachotafuta njia bila kuiona, na kila unapoiwasha kinaweza kukwaruza sahani. Ichomoe sasa hivi, usiifungue, na mtu yeyote asiifungue mezani kwake. Kazi ya kubadilisha kichwa hufanywa kwenye chumba kisichopitisha vumbi, na gharama yake ni kubwa. Kama vilivyomo ni mitihani uliyonayo kwenye karatasi, viache. Kama ni picha za familia, ifunge vizuri uiweke pakavu, mpaka utakapoweza kulipia.