Kwenu mnaoanza kuketi na vijana wenye hofu ya kesho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Haya ni yenu ninyi washauri wapya wa vijana, wa sharika za Moshi mjini na kule milimani, pamoja na wenzenu wa Arusha. Kila msimu wa mahafali ukipita mambo ni yale yale. Kijana anamfuata mshauri baada ya ibada, bahasha ya vyeti mkononi, na dakika tano baadaye anaondoka na mstari mmoja wa Biblia na aibu ambayo hakuja nayo. Mnawapenda vijana, hilo halina ubishi. Ndiyo maana inauma kuona mnawajeruhi.

1. Acheni kumkemea mtu kwa Mathayo 6, pale Yesu anaposema msisumbuke. Kijana anasema halali usiku, mshauri anamjibu kwamba wasiwasi ni kukosa imani. Tangu hapo ana hofu mbili: ya ajira, na ya kwamba Mungu amemchukia. Someni mpaka mwisho wa sura. Yesu anasema, "Baba yenu wa mbinguni anajua ya kuwa mnahitaji hayo yote." Mahitaji ameyakubali. Hata mstari wa 34 haudai kwamba siku haina taabu. Unasema yatosha kwa siku maovu yake.

2. Yeremia 29:11. Hapa tukae, maana ndipo mnapoharibu zaidi. Mstari huu uko kwenye kila kadi ya mahafali, nanyi mnautumia kama hati ya ajira: "Mungu anakuwazia mema, mwaka huu hauishi hujapata kazi, nakutamkia!" Wapendwa, ile ni barua. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa mateka waliokwisha kuhamishiwa Babeli, na mstari wa 10, ulio juu yake tu, unataja miaka 70 ya kukaa huko. Mtu mzima aliyeisikia ikisomwa alijua wazi kwamba huenda akazikwa kule kule.

Rudini sura moja nyuma mumwone Hanania, nabii wa uongo. Yeye alisimama hekaluni, akaitoa shingoni mwa Yeremia nira iliyokuwa ishara ya kutawaliwa na Babeli, akaivunja mbele ya watu, akatangaza miaka 2 tu na utawala huo umekwisha. Yeremia mwenyewe alimjibu "Amina", kwa jinsi alivyotamani iwe hivyo. Lakini Hanania hakuwa ametumwa, na mwaka haukwisha akafa. Anayemtamkia kijana tarehe ambayo Mungu hakuisema amesimama upande wa Hanania, hata kama ana huruma kiasi gani.

Na matokeo yake yanafahamika. Kijana anatuma maombi kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuomba kazi za serikali, anaitwa kwenye usaili wa mchujo, jina halirudi. Desemba inafika. Hakulaumu wewe uliyemtamkia. Anajilaumu kwamba imani yake ilikuwa ndogo, kisha anatafuta mtu wa kumtamkia kwa sauti kubwa zaidi. Februari 2020, hapa hapa Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wale walikuwa jirani zetu. Mtu aliyechoka kusubiri akiahidiwa njia ya mkato atakimbia, kwa hiyo usiwe wewe unayemzoesha kukimbia.

Barua yenyewe iliwapa mateka kazi ya kufanya: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji mliomo. Muulize kijana bustani yake iko wapi wakati anasubiri. Wa Machame anaweza kuwa na kona ya kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, ambayo baba yake atamwachia alime mboga. Aliyesoma uhasibu asaidie kuweka sawa daftari la kikundi cha kina mama. Kungoja kwa namna hiyo kuna heshima yake, na ndiko alikoagiza nabii.

3. Wasiwasi uandikwe. Karatasi moja, kalamu, dakika 40. "Naogopa maisha" ni sentensi pana mno, hata kuiombea ni shida. Endelea kuuliza mpaka lipatikane jina, kiasi au tarehe. Mpagazi wa mlimani, kwa mfano, ukimdodosa utakuta hofu yake ni masika: Aprili na Mei wageni wamepungua, kodi ya chumba italipwa na nini? Hapo kuna kitu cha kushika. Gawa karatasi kwa mstari katikati. Kushoto, yaliyo mikononi mwake wiki hii: kuzungumza na mwenye nyumba mapema, kutenga kitu kila safari msimu wa Juni hadi Oktoba. Kulia, asiyoyaweza: hali ya hewa, idadi ya wageni, uamuzi wa mwajiri. Upande wa kulia ndio wa kumtwika Bwana, kama 1 Petro 5:7 inavyosema. Mnachanganya pande hizi mara kwa mara. Mnaombea deni la HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, litoweke, wakati mwenye ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara na asiye na ajira anachotakiwa ni kwenda kuuliza taratibu akiwa na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne.

4. Ombeni kwa mpangilio wa Wafilipi 4:6, aliouandika Paulo akiwa kifungoni: haja itajwe kwa jina, iombwe, kisha shukrani za mambo matatu ya wiki hiyo hiyo. Aombe yeye kwanza. Akishindwa, msomeeni Zaburi 13. Mistari miwili ya mwanzo inauliza "hata lini" mara nne, na Mungu hakuifuta.

5. Msimwagize mfungo mtu asiyekula. Eliya alipotaka kufa, malaika alimlisha mara mbili na kumwacha alale, ndipo safari ikafuata.

6. Msiketi karibu na mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka ibadani. Nani ataeleza hofu yake huku ndizi zinanadiwa?

7. Ikifika wiki mbili hapati usingizi au hali chakula, au siku yoyote akisema afadhali asingekuwepo, muulize waziwazi kama amewaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Akikubali, usimwahidi siri na usimwache peke yake. Mpeleke hospitali ya KCMC au Mawenzi, na kwa Arusha Mount Meru, uingie naye. Akipewa dawa za sonona asiziache bila daktari, kwa kuwa nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana. Hizo ndizo wiki za kumtembelea nyumbani, na ukifika, zungumza na mama yake pia.