Make ikipita bila kosa, usishangilie bado

Mwezi Juni hapa Uyole baridi huingia mpaka kwenye vidole. Usiku mmoja wa namna hiyo nilikompaili Python, yaani niliijenga lugha hiyo ya programu kutoka msimbo wake chanzo, kwenye Ubuntu, mfumo wa Linux. Amri zilikuwa tatu: ./configure (kukagua kompyuta), make (kujenga), make install (kusakinisha). Hakuna kilichokwama, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi programu ninayotunzia hesabu za viazi ikagoma kufunguka: No module named '_ctypes', yaani moduli (kipande cha Python) iitwayo _ctypes haipo.

Nilidhani faili nililopakua lilikuwa bovu, nikalipakua upya. Bando likakatika, na tatizo likabaki palepale. Niliporudi kuyasoma maandishi ya make kwa utulivu, nikaona orodha ya moduli zilizoshindwa kujengwa, _ctypes ikiwemo. Python huwa haisimami kwa ajili ya hizo. Inaziruka na kuendelea.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba libffi, maktaba (msimbo ambao programu nyingine huutumia) ambayo _ctypes inaitegemea, tayari ilikuwamo kwenye kompyuta. Hapa ndipo wengi tunapotea. Ubuntu na Debian hugawa maktaba kwenye vifurushi tofauti. Kimoja kinatosha kuendesha programu iliyokwisha kujengwa. Cha kujengea ni kingine, chenye faili za .h (maelezo ya maktaba yanayosomwa wakati wa kujenga), na jina lake huishia na -dev. Mimi nilikuwa na cha kwanza tu, nilihitaji libffi-dev.

Kwa hiyo ukiambiwa zlib.h haipo, sakinisha zlib1g-dev. Ikiwa ni openssl/ssl.h, sakinisha libssl-dev. Jina la kifurushi lisipojulikana, amri ya apt-file search italitafuta, ila apt-file update hupakua orodha ndefu, fanya hivyo penye Wi-Fi. Na makosa yakiwa mengi, anza na la kwanza juu. Yanayofuata mara nyingi ni watoto wake.

Jambo moja nakusihi, ndugu yangu: programu ikidai libssl.so.1.1 nawe una libssl.so.3, usiipachike hiyo mpya jina la zamani kwa ln -s, amri ya kutengeneza kiungo cha faili. Matoleo hayo hayalingani ndani. Ikompaili programu upya kwa toleo ulilonalo.

Lakini kama maktaba uliijenga mwenyewe ikakaa /usr/local/lib na programu haiioni, jaribu kwanza sudo ldconfig, amri inayosasisha orodha ya maktaba zilizopo.

Baada ya kusakinisha libffi-dev nilianza tena na make clean (kufuta kilichojengwa) na ./configure, si make peke yake, kisha make na make install. Mwishowe nikaandika python3 -c "import ctypes, ssl, sqlite3". Haikujibu neno, na safari hii ukimya ulikuwa wa heri.