Re: Nafuatwa dukani, shemeji anasema "hayo ni ya Wamarekani weusi"

Pole sana dada. Mlinzi wa duka hapa Marekani kukufuata mpaka kwenye rafu ya sabuni kisa rangi yako inauma, ila kwa shemeji anayesema maandamano ya kupinga polisi kuua watu weusi hayatuhusu sisi Waafrika tuliohamia hapa hapo simuelewi kabisa. Amadou Diallo alikuwa mhamiaji wa Guinea, mchuuzi tu New York, Februari 1999 polisi wakamfyatulia risasi 41 mlangoni kwake na hana silaha. 41 jamani! Nani alimuuliza lafudhi?

Alafu tuambiane ukweli, sebuleni kwetu tunawaita Wamarekani weusi wavivu huku sheria ya uhamiaji ya 1965 iliyotufungulia mlango ilipita kipindi kile kile cha mapambano yao ya haki za kiraia. Anzia hapo, shemeji akileta zile stori mezani mkatishe.

Dukani chukua risiti kila mara, andika tarehe, saa na jina la kwenye beji siku hiyo hiyo, peleka malalamiko kwa maandishi. Mimi niliwahi kugeuka nikamuuliza mlinzi kwa upole "nikusaidie nini kaka?" akaanza kupanga makopo, nilicheka mpaka kwenye gari.

Ukiona mwingine kasimamishwa na polisi, kaa mbali kidogo, rekodi. Darnella Frazier, aliyerekodi polisi wakimuua George Floyd, Mmarekani mweusi, mwaka 2020, alikuwa na miaka 17 tu, bila simu yake kifo hicho kingebaki ile taarifa ya kwanza ya polisi, eti tatizo la kiafya.

Na kama makaratasi yako ya uhamiaji hayajakaa sawa usikae mstari wa mbele kwenye maandamano, wapelekee wenzako maji na chakula.